Waya wa mita 40 ndani ya ploti ya 50 kwa 100

Ploti ya futi 50 kwa 100, ile inayouzwa kuanzia Ruiru hadi Kitengela, ni mita 15 na ushee kwa mita 30 na nusu. Ukiipima kwa mshazari, kona hadi kona, unapata mita 34. Kiwanja cha mita 20 kwa 20 cha Dar es Salaam kina mshazari wa mita 28. Sasa chukua hesabu ya kwanza anayofundishwa kila anayeingia kwenye redio ya ridhaa: gawa 143 kwa masafa yako ya megahezi, na jibu ni urefu wa antena ya nusu wimbi kwa mita. Kwenye bendi ya mita 40, karibu na megahezi 7.1, unahitaji waya wa mita 20, na huo unaenea. Kwenye bendi ya mita 80, megahezi 3.65, unahitaji mita 39. Huo umeshatoka nje ya ua kwa mita tano, hata kama kiwanja kingekuwa kitupu. Kwenye bendi ya mita 160 ni mita 77, na hapo unavuka viwanja vya watu wawili.

Wengi hufika hapo wakafunga daftari. Hubaki kwenye bendi za juu, ambako antena ni fupi, na bendi za chini wanawaachia wenye mashamba. Naona ni hasara kubwa, kwa sababu eneo dogo si kikwazo kikubwa kama linavyoonekana kwenye karatasi. Kinachowaangusha watu mara nyingi ni kuamini namba moja tu kwenye mita, na makala hii sehemu kubwa inaihusu namba hiyo.

Kwanza, kwa nini mtu ajisumbue? Bendi za chini ni bendi za usiku. Mchana, tabaka la chini kabisa la ionosfea, linaloitwa tabaka D, hunyonya mawimbi haya, na kadiri masafa yanavyoshuka ndivyo linavyonyonya zaidi. Jua likishatua tabaka hilo hupotea upesi, na wimbi lililokuwa likiishia mkoa wa jirani linavuka bahari. Kwetu karibu na ikweta jua huzama wima na giza huingia haraka, kwa hiyo ile nafasi ya machweo inayowapa watu wa kaskazini muda mrefu wa mawasiliano ya mbali, huku ni fupi. Lazima uwe tayari kitini. Kuna jambo jingine pia: mzunguko wa 25 wa jua ulifika kileleni mwaka 2024, na miaka inayofuata jua linaendelea kutulia. Jua likitulia, bendi za juu hufifia na bendi za chini huchangamka. Anayejenga antena ya mita 80 sasa anajenga kwa wakati wake. (Kurusha kunahitaji leseni: Kenya huitoa Mamlaka ya Mawasiliano, Tanzania ni TCRA. Katika ukanda wetu bendi ya mita 80 inaanzia kilohezi 3500 hadi 3800.)

Sasa turudi kwenye mita. Kila mwanaredio ana kipimo cha SWR, kiwe ndani ya redio yenyewe au kwenye kisanduku pembeni. Kinaonyesha ni kiasi gani cha nguvu kinarudi kutoka kwenye antena. Namba 1 maana yake hakuna kinachorudi, namba 3 ni dalili ya kasoro. Basi mtu husimamisha waya, husoma 1.1, hufurahi, huketi kuita, na hakuna anayemjibu. Huita wiki nzima. Mwisho huamua kwamba kiwanja chake ni kibaya.

Mita haijamdanganya, ni yeye aliyeiuliza swali lisilo lake. Kuna kifaa ambacho kila fundi wa redio anacho: kopo lenye kizuizi cha omu 50, linalopokea nguvu yote ya redio na kuigeuza kuwa joto. Ukikifunga kwenye redio, SWR inasoma 1 kamili, na hakuna anayekusikia hata nyumba ya pili, kwa maana kimetengenezwa kusudi kisirushe chochote. Mita inajua tu kwamba nguvu haikurudi. Haijui kama imepaa angani au imepasha moto udongo.

Tuweke namba, maana bila namba jambo hili hubaki maneno. Una mlingoti wa mita 10, na umeupandisha waya wima kwa bendi ya mita 80. Robo wimbi ingekuwa karibu mita 20, hivyo waya wako ni nusu ya unaotakiwa, na umeujazia kwa koili chini. Koili yenyewe si kazi ngumu. Unachukua kipande cha bomba jeupe la PVC la milimita 50 na waya wa nyumba wa 1.5, ule mgumu wa uzi mmoja. Toboa tundu dogo mwanzoni mwa bomba, pitisha ncha ya waya, ikunje ndani isichomoke. Funga ncha ya pili ya waya kwenye nguzo, rudi nyuma hadi waya unyooke kabisa, kisha anza kulizungusha bomba huku ukisogea kuifuata nguzo, kidole gumba kikisukuma kila mzunguko ulale ubavuni mwa uliotangulia. Ukitumia mkono mmoja waya ukining'inia, mizunguko hulegea na koili haitulii kwenye masafa yake. Mizunguko 32 hivi inakupa maikrohenri 24, ambazo waya wa mita 10 unazidai kwenye megahezi 3.65. Toboa tundu la mwisho, pitisha ncha, umemaliza.

Waya huo mfupi una ukinzani wa mnururisho, yaani ule unaofanya kazi ya kurusha, wa takriban omu 7. Koili inakula omu 3 kwa joto lake. Ardhi, kama umechomeka chuma kimoja cha ethi na kutandaza vijiwaya viwili vitatu, inaweza kula omu 40. Jumlisha: 50. Mita inasoma 1 kamili, na kati ya wati 100 unazotoa, wati 14 ndizo zinazopaa. Nyingine 86 zinabaki kwenye koili na kwenye udongo.

Halafu mwenye antena hiyo anashauriwa atandaze nyaya zaidi ardhini. Anafanya hivyo, na ukinzani wa ardhi unashuka hadi omu 10. Jumla sasa ni 20, mita inasoma 2.5, na yeye anashtuka, anadhani ameharibu antena. Kumbe zinapaa wati 35, zaidi ya mara mbili ya zile za mwanzo. Nimesikia watu wakisimulia kwamba waling'oa nyaya zao za ardhini kwa sababu hiyo tu, na inaniuma, kwa kuwa walikuwa tayari wameshafika pazuri.

Hatua ya tatu ndiyo nzuri zaidi, na ndiyo inayofaa kiwanja kidogo. Ondoa koili kabisa. Panda na waya mita 10 hadi juu ya mlingoti, kisha endelea nao mita 10 nyingine ukiulaza kuelekea mti, paa au kona ya ukuta. Umbo linakuwa kama herufi L iliyopinduliwa, na wenyewe huiita L. Waya sasa ni mita 20, robo wimbi kamili, hauhitaji kujaziwa. Kwenye antena ya namna hii mkondo mkubwa uko chini na kwenye ncha ni karibu sifuri. Ile sehemu uliyoilaza haina kazi kubwa ya kurusha, kazi yake ni kuifanya sehemu ya wima ibebe mkondo mwingi kwa urefu wake wote. Ukinzani wa mnururisho unapanda kutoka omu 7 hadi kama 17. Ardhi ile ile ya omu 10 inafanya jumla ya 27, na wati 63 kati ya 100 zinapaa. Mlingoti ule ule, kiwanja kile kile, redio ile ile. Kutoka 14 hadi 63 ni zaidi ya mara nne, na kwa anayekusikiliza ng'ambo ile ndiyo tofauti ya kusikika au kuzama kwenye kelele.

SWR ya antena hiyo ni 1.9 hivi, na kuishusha ni kazi ya dakika chache: punguza waya karibu nusu mita kwenye ncha, kisha funga koili ndogo ya mizunguko 6 juu ya bomba lile lile la milimita 50, upande mmoja kwenye waya wa antena na mwingine kwenye ethi, pale pale kebo inapoingilia. Koili hiyo inavuta omu 27 hadi 50. Ina faida nyingine ambayo ni rahisi kuisahau: inaupa umemetuli, ule unaojikusanya kwenye waya upepo mkavu unapovuma, njia ya kuteremkia ardhini kabla haujaifikia redio.

Kanuni hiyo ya mkondo ndiyo inayotatua na ile antena ya kawaida ya kulala. Antena ya nusu wimbi inayolishwa katikati ina mkondo mkubwa katikati, na ncha zake karibu hazina mkondo. Basi usiguse katikati. Weka katikati juu na pamenyooka, na mita zilizozidi zikunje kwenye ncha, ziteremke kando ya ukuta au zigeuke kufuata ua. Waya wa mita 39 unaenea kwenye mshazari wa mita 34 ukikunja mita mbili na nusu kila upande. Utendaji wake hupungua kidogo mno. Lakini ncha zina volti kubwa wakati wa kurusha, zinaweza kumuunguza mtu, kwa hiyo zibaki juu ya kimo cha mtu mzima aliyenyoosha mkono na mbali na mabati. Antena hii ikiwa chini, mita sita au saba, hurusha karibu yote juu moja kwa moja, na wimbi hurudi chini kama mvua ndani ya eneo la kilomita mia kadhaa. Kwa anayetaka kuzungumza na Dodoma, Mwanza au Nairobi jioni, hiyo ndiyo hasa anayoihitaji. Kwa anayetaka Ulaya au Japani, ile L ya wima ni bora.

Ardhi ndiyo inayohitaji jasho. Mwaka 1937 wahandisi watatu wa kampuni ya RCA ya Marekani, Brown, Lewis na Epstein, walichapisha vipimo vya antena wima wakiwa wametandaza nyaya 2, 15, 30, 60 na hatimaye 113. Kutokana na kazi hiyo vituo vya utangazaji vya masafa ya kati vikazoea kuzika nyaya 120 chini ya kila mlingoti. Watu husoma namba hiyo wakakata tamaa, kumbe vipimo vyenyewe vinaonyesha jambo la kuwatia moyo: nyaya zikiwa fupi, kuongeza idadi kupita kiasi hakuleti faida. Urefu na idadi huenda pamoja. Mwenye nafasi ya mita 6 tu kila upande hana haja ya nyaya 120. Kati ya 15 na 20 atakuwa amechuma karibu yote yanayochumika hapo.

Roli moja ya waya wa nyumba ya mita 90 inatoa nyaya 15 za mita 6. Si lazima zinyooke kama miale ya jua. Zipinde kufuata msingi wa nyumba, zipite chini ya bustani, zirudi kando ya ukuta. Ambapo hakuna nafasi upande mmoja, ongeza upande wa pili. Zilaze juu ya nyasi na uzibane kwa vipande vya waya mgumu vilivyokunjwa kama herufi U, na baada ya mvua ya kwanza majani yanazifunika hata mashine ya kukatia haizigusi. Ganda la plastiki liache, kwa sababu mawimbi hayajali ganda, na pwani shaba iliyo uchi huliwa na chumvi mpaka inabaki unga wa kijani.

Utajuaje zimetosha? Hapa mita ya SWR haisaidii, lakini kipimo kidogo kinachoitwa NanoVNA, kinachoenea kiganjani, kinasaidia sana kwa kuwa kinaonyesha ukinzani wenyewe kwa omu. Kifunge chini ya antena, kabla ya koili ndogo ya mizunguko 6. Ongeza nyaya nne, soma. Ongeza nne, soma. Ukinzani utashuka kutoka hamsini kwenda arobaini, thelathini na tano, thelathini. Siku ukiongeza nne na namba isisogee, acha kutandaza. Namba inayoshuka ndiyo habari njema, hata kama SWR inapanda.

Udongo nao una sauti yake. Matumbawe makavu ya pwani, hasa yale ambayo jembe halipenyi, hupitisha umeme vibaya, na nyaya za kutandazwa juu yake ni lazima. Udongo mweusi wa mfinyanzi wa nyanda za Nairobi ukilowa ni mzuri, ukikauka na kupasuka hubadilika, na antena iliyopimwa Aprili haitasoma vile vile Septemba. Maji ya bahari hayana mfano: hupitisha umeme takriban mara elfu moja kuliko ardhi ya kawaida. Mwenye nyumba ufukweni Unguja, Lamu au Mtwapa, ambaye waya wake wa wima uko hatua chache kutoka maji kujaa, ana kitu ambacho mwenye ekari mia bara hawezi kukinunua.

Juu ya milingoti sitakaa sana, maana mafundi wetu wanaijua. Mianzi, boriti, bomba la chuma la inchi mbili, au mnazi uliokwishasimama. Mnazi ni mlingoti mzuri ila unayumba, na waya uliofungwa kwa kukazwa utakatika siku ya kwanza ya kusi kali. Fanya kama wafanyavyo mabaharia: weka roda juu, pitisha henza, na ncha ya chini ya kamba ifungie dumu la lita tano la mchanga lining'inie. Mnazi ukiinama dumu linapanda, ukirudi linashuka, waya unabaki na mvutano ule ule. Jambo moja halina mjadala: pima urefu wa mlingoti, ongeza urefu wa waya ulioufunga, na ukianguka upande wowote usiweze kufika kwenye nyaya za umeme za barabarani. Kama unaweza kufika, sehemu hiyo haifai, tafuta nyingine.

Antena ikishasimama, kasoro huanza kujitokeza, na mara nyingi haziko kwenye waya. Ziko kwenye kebo. Mawimbi yanatakiwa kupita ndani ya kebo, lakini yasipozuiwa hurudi kwa juu, kwenye ngozi ya nje ya ile shaba iliyosukwa, na kebo yote inakuwa sehemu ya antena. Dalili ni rahisi kuzitambua. Ukishika kebo, SWR inabadilika. Ukiisogeza sakafuni, inabadilika tena. Maikrofoni inakuchoma mdomo unapozungumza, spika za televisheni sebuleni zinatoa sauti yako. Dawa yake ni pete ya feraiti ya aina ya 31, pana kama sentimita 6, na kebo nyembamba ya RG-58 iliyozungushwa mara 12 ndani yake, ikifungwa pale kebo inapokutana na antena. Kuviringisha kebo yenyewe bila feraiti, jambo ambalo bado linafundishwa, kwenye masafa haya ya chini hakuzuii kitu cha maana. Baada ya kufunga, shika tena kebo. Namba isiposogea, umepona.

Kasoro ya pili ya kebo ndiyo inayonifanya niirudie mita ile. Maji yakiingia kwenye kebo, na pwani yataingia kama kiungio hakikufungwa vizuri, kebo huanza kula nguvu. Nguvu inakwenda pungufu na inayorudi inapungua zaidi, hivyo mita inaonyesha SWR nzuri kuliko mwaka jana. Mwenye antena anadhani mambo yamenyooka, kumbe kebo imeoza. Namna ya kuijaribu ni hii: panda, fungua kebo kwenye antena, iache ncha tupu, kisha pima ukiwa chini. Kebo nzima isiyo na kitu mwishoni lazima isome SWR kubwa mno. Kebo iliyofika mahali pa kupoteza nusu ya nguvu njiani itasoma 3, ingawa mwisho wake hakuna kitu kabisa. Ikisoma hivyo, itupe, na mpya ifunge kiungio kwa tepu ya mpira inayojishikia, juu yake tepu ya umeme, kisha ipe kebo mshuko kabla ya kiungio ili maji yadondokee hapo badala ya kutambaa kuingia ndani.

Mabati nayo yana visa vyake. Paa ambalo misumari yake imeota kutu lina maelfu ya viungio vya chuma kugusa kutu, na kiungio cha namna hiyo hufanya kazi kama diodi mbovu: huchanganya vituo viwili vikubwa vya redio na kutoa kituo cha tatu ambacho hakipo. Ukisikia matangazo ya muziki mahali pasipo na kituo, na yanakatika upepo ukitikisa paa, shuku paa kabla ya redio.

Nusu ya pili ya kazi ni kusikia, na kwa kiwanja cha mjini ndiyo iliyo ngumu. Mwaka 1921 wanaredio wa Marekani walipotaka kuthibitisha kwamba mawimbi yao yanavuka Atlantiki, hawakuishia kuongeza nguvu upande wao. Walimtuma Paul Godley hadi Ardrossan huko Scotland akasikilize, akiwa na antena ndefu ya kupokelea iliyobuniwa na Harold Beverage, na mwezi Desemba akazipata ishara za kituo cha 1BCG kutoka Greenwich, Connecticut, kwenye wimbi la mita 230 hivi. Antena ile ya Beverage ni waya wa mamia ya mita, haituhusu sisi wa 50 kwa 100. Wazo lake ndilo linalotuhusu: antena ya kusikilizia si lazima iwe ile ya kurushia.

Kabla ya hapo, ondoa kelele za nyumbani mwako. Iweke redio kwenye betri ya volti 12, kisha zima swichi kuu ya nyumba. Kama kelele imeshuka, adui yuko ndani. Washa saketi moja moja na usikilize kila moja. Wahalifu wanajulikana: chaja za simu za bei ndogo, taa za LED, king'amuzi, kidhibiti cha sola na inveta yake. Kidhibiti cha sola huungurumisha bendi nzima ya mita 80 mchana na kunyamaza jua likizama, kwa hiyo kwa mtu wa usiku si tatizo. Chaja hazilali. Zibadilishe, au pitisha nyaya zake mara kadhaa kwenye feraiti.

Kama swichi kuu imezimwa na kelele haikupungua, iko nje, na mitaa yetu ina kelele yake maalumu: fensi ya umeme juu ya ukuta. Hutoa mpigo mmoja kila sekunde, tik, tik, tik, usiku kucha. Fensi nzima hutoa mpigo dhaifu. Inayopiga kwa nguvu ina cheche mahali fulani: kihami kilichopasuka, waya uliolegea, tawi la bougainvillea linalougusa. Chukua redio ndogo ya mkononi ya masafa ya kati, tembea kando ya ukuta usiku, na kelele itazidi unapokaribia penye cheche. Mara nyingine utaiona kwa macho, nukta ya buluu. Kisha zungumza na mwenye nyumba kwa upole, mpe salamu kwanza, kisha mweleze kwamba fensi inayotoa cheche inapoteza nguvu yake pale pale na haimlindi. Ni kweli tupu, na jirani aliyeelezwa hivyo hufurahi kuonyeshwa mahali. Cheche za nguzo za umeme za barabarani ni hadithi nyingine: hukoroma siku za ukavu na mara nyingi hunyamaza mvua ikinyesha. Hizo ziripoti kwa shirika la umeme pamoja na namba ya nguzo, usizipandie.

Kwa kelele iliyobaki, laza waya wa mita 18 chini kwenye nyasi kwa umbo la mraba, mbali na antena ya kurushia kadiri kiwanja kinavyoruhusu, na uulishe kupitia transfoma ndogo ya feraiti. Ishara zitakuwa ndogo sana ukilinganisha na zile za L, usiogope, ongeza sauti. Kelele itakuwa imepungua zaidi kuliko ishara, na sauti iliyokuwa imezama inatokeza.

Baada ya yote hayo, ushahidi wa kwamba antena inarusha hautoki kwenye chombo chochote kilicho mezani pako. Unatoka kwa waliokusikia. Mwaka 2008 Joe Taylor, mwanafizikia aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1993 na ambaye ni mwanaredio wa ridhaa, alitoa programu ya WSPR. Redio inatuma alama yako ya wito, eneo na nguvu kwa karibu dakika mbili, hata kwa moja ya tano ya wati, na vituo vilivyojitolea kusikiliza duniani vinaandika kwenye mtandao vilikusikia kwa nguvu gani. Rusha kwa antena ya zamani, dakika zinazofuata kwa mpya, zibadilishe hivyo usiku mzima, kisha linganisha kituo kile kile saa ile ile. Ulinganisho wa jana na leo haufai, maana anga ya leo si ya jana.

Radi zikianza kusikika, na masika tunazisikia kutoka ziwa hadi pwani, chomoa kebo na uitoe nje ya nyumba kabisa. Kuzima redio hakutoshi. Mawimbi ya radi za bonde la Kongo, eneo lenye radi nyingi kuliko karibu kwingine kote duniani, yatakufikia kama mikwaruzo hata anga yako ikiwa na nyota, na hizo hazina dawa ila kungoja.

Ndiyo maana anayetamani bendi ya mita 160 afadhali aanze Julai, mvua zimekwisha. Mlingoti ule wa mita 10 unatosha kujaribu. Ongeza sehemu ya kulala ifike mita 20 na kitu, ipige kona ikifika mwisho wa ua, na kilichobaki kijazie kwa koili. Ukinzani wa mnururisho utakuwa kama omu 5, ardhi na koili zitakula omu 25 au zaidi, na kati ya wati 100 zitapaa 15 hivi. Kwa wati hizo, saa mbili baada ya jua kuzama, anza na vituo vya kusini mwa Afrika.